UZI: Falsafa yako ya uuguzi ni ipi, na inakufikisha wapi ukitoka wodini?

ZamuYaUsiku (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Nauleta kwa wauguzi wenzangu, kwa wanafunzi wa uuguzi, na kwa yeyote aliyewahi kulala kitandani tukimhudumia sisi.

Chuoni karibu kila mmoja wetu aliambiwa aandike falsafa yake binafsi ya uuguzi. Mimi niliandika kurasa tatu. Utu, huruma, heshima, mgonjwa kwanza, vyote nikaviweka. Nikapata alama nzuri, karatasi ikaingia kwenye bahasha pamoja na vyeti, na kwa miaka sita sikuikumbuka. Kilichonirudisha kwenye karatasi ile ni miguu ya mzee mmoja.

(Nimebadilisha mambo madogo madogo ili asitambulike.)

Mzee huyu moyo wake ulikuwa umetanuka, hausukumi damu sawasawa, kwa hiyo maji yanamjaa mwilini. Alilazwa kwetu mara tatu ndani ya miezi mitano. Kila akija hali ni ile ile: akilala chali pumzi inakata, miguu imevimba mpaka viatu havivaliki. Tunamchoma dawa ya kukojoza kwenye mshipa, maji yanatoka, uzito unashuka, anaanza kupumua vizuri. Tunamruhusu na vidonge vyake na maelezo yetu: kidonge kimoja kila asubuhi, punguza chumvi, jipime uzito kila siku, ukiona umeongezeka zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu usisubiri, njoo.

Alipolazwa mara ya tatu nikafungua faili lake nikakuta mwandiko wangu mwenyewe, mara mbili: "Hatumii dawa ipasavyo. Ameelimishwa." Kalamu ilikuwa mkononi niandike tena.

Usiku ule nilikuwa namwosha miguu. Mgonjwa wa namna hii ukimbonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo, ngozi inabonyea na shimo linabaki. Sisi tunabonyeza, tunaachia, tunahesabu sekunde hadi shimo lijae, ndivyo tunavyopima uvimbe. Nikawa nahesabu, na bila kupanga nikamwuliza, "Mzee, kazini unaingia saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi, mwanangu. Natoka saa kumi na mbili jioni. Nalinda geti."

Nikamwuliza choo kiko wapi. Akanyamaza. Nikafika sekunde ya ishirini shimo bado halijajaa. Ndipo akaniambia getini hakuna choo. Cha jirani ni mwendo wa robo saa, na geti haliachwi.

Kidonge kile cha kukojoza ukikimeza kinaanza kazi ndani ya saa moja na kinaendelea kama saa sita. Mzee alijua yote tuliyomfundisha, aliweza kunisomea somo langu mwenyewe neno kwa neno. Kila alfajiri alikuwa anachagua ama kujikojolea mbele ya watu wanaoingia na kutoka, ama kujaa maji. Alichagua maji. Na mimi nilikuwa nimeandika mara mbili kwamba hafuati.

Wengi wetu tulikariri maelezo ya Virginia Henderson, muuguzi wa Marekani, ambayo Baraza la Kimataifa la Wauguzi liliyasambaza dunia nzima miaka ya 1960. Alisema kazi ya muuguzi ni kumsaidia mtu, mgonjwa au mzima, kufanya yale ambayo angejifanyia mwenyewe kama angekuwa na nguvu, utashi na maarifa, na kumsaidia arudi kujitegemea mapema iwezekanavyo. Na kama hatapona, afe kwa amani. Mpaka leo sijaona maelezo mazuri kuliko hayo. Lakini usiku ule niliyapima maneno yake matatu juu ya mzee wangu. Nguvu ya kumeza kidonge alikuwa nayo. Utashi alikuwa nao, hakuna mtu anayependa kukosa pumzi usiku. Maarifa alikuwa nayo kutuzidi.

Alichokosa ni nafasi.

Hilo ndilo neno la nne nililoliongeza kwenye falsafa yangu, na ndilo lililoivuruga yote. Mtu akikosa nguvu, mikono yangu inatosha. Akikosa maarifa, mdomo wangu unatosha. Akikosa nafasi, dawa yake haimo kwenye toroli langu wala kwenye stoo ya hospitali. Iko kwa anayepanga zamu za walinzi, kwa aliyejenga geti bila choo, kwa anayetunga sheria za kazi. Kwa hiyo nikisema nimeamini ninachokiamini kuhusu mgonjwa, halafu nikaishia mlangoni mwa wodi, nimeamini robo tatu tu.

Wapo wanaosema utetezi wa jamii ni siasa na muuguzi abaki na sindano yake. Nawaomba waangalie tulikotoka. Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza, alifika hospitali ya jeshi la Uingereza ya Scutari, Uturuki, wakati wa vita vya Krimea, Novemba 1854 na wauguzi 38, na askari waliendelea kufa kwa mamia majira yale ya baridi, hata baada ya kufuliwa mashuka na kupewa chakula cha maana. Vifo vilianza kushuka kweli mwaka 1855, tume ya usafi ilipofika ikazibua mitaro ya maji machafu chini ya jengo na kufungua hewa. Huduma ya kitandani ilikuwapo, tatizo lilikuwa chini ya sakafu. Alichofanya aliporudi Uingereza ni kukaa na hesabu za vifo, kuzichora kwa rangi mwaka 1858 ili hata mkubwa asiye na muda wa kusoma aone kwa jicho kwamba wengi waliuawa na magonjwa yanayozuilika kuliko risasi. Taa aliyozungukia nayo wodini usiku tunaikumbuka sana, ule mchoro tunausahau. Mimi nadhani ni muuguzi zaidi kwenye mchoro.

Sasa nilichofanya mimi, maana najua mtaniuliza. Asubuhi nilimweleza daktari. Tukakaa na mzee, tukahamisha kidonge: ameze akifika tu nyumbani, saa kumi na mbili na nusu jioni, hadi kwenye saa sita usiku nguvu ya dawa iwe imekwisha. Usingizi wake wa mwanzo tuliuharibu na tulimwambia wazi. Akasema huo anaweza kuutoa. Kisha nikamwambia nitamwandikia mwajiri wake barua kuhusu choo.

Akakataa. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, ukiandika barua hiyo, kesho yake geti litakuwa na mlinzi mwingine."

Nikaiacha barua. Naomba tujadili kuanzia hapo. Mmewahi kukutana na "nafasi" kwenye wodi zenu? Falsafa yenu inasemaje? Na mtu unayemtetea akikwambia usimtetee, unafanya nini?

---

Mwaka_wa_Pili

Dada, asante kwa uzi. Mimi ni mwanafunzi na kazi hiyo ya falsafa natakiwa kuikabidhi wiki mbili zijazo. Tumefundishwa lazima iguse mambo manne: mtu, mazingira, afya na uuguzi. Nimeandika "mtu ni kiumbe kamili mwenye mwili, akili, roho na jamii" halafu nimekwama. Nikisoma naona ni maneno ya kitabu, si yangu. Naanzia wapi?

---

ZamuYaUsiku

Mdogo wangu, hayo manne usiyatupe, yanasaidia sana. Ila usianze nayo. Anza na wagonjwa watatu. Mmoja uliyemhudumia vizuri hadi ukarudi nyumbani mwepesi. Mmoja uliyemkosea. Mmoja uliyemwogopa au kumchukia, na usiniambie hayupo, hata kwa miezi michache ya mazoezi atakuwa ameshapatikana. Andika nini kilitokea, saa ngapi, mikono yako ilikuwa inafanya nini. Ukimaliza ndipo uyalete yale manne kama maswali: pale nilimchukulia huyu kuwa nani? Ni nini kilichomzunguka ambacho sikukiona? Yeye mwenyewe kwake kupona kulikuwa ni kufanya nini? Na mimi nilidhani kazi yangu ni ipi?

Majibu yatagongana. Kwa mgonjwa wa kwanza utakuta ulimsikiliza, kwa wa tatu utakuta ulikuwa unaharakisha utoke chumbani. Usiyapatanishe haraka ili karatasi ipendeze. Mahali yanapogongana ndipo penye falsafa yako, kwa sababu hapo ndipo utakapolazimika kuchagua tena kesho.

Barbara Carper, muuguzi wa Marekani, aliandika mwaka 1978 kwamba muuguzi anajua kwa njia nne: sayansi, sanaa ya kuhudumia, maadili, na kujijua mwenyewe. Hiyo ya nne ndiyo tunayoiruka chuoni kwa sababu haina mtihani. Huyo mgonjwa wa tatu ndiye mwalimu wake.

---

Wodi_Namba_Mbili

Mleta mada nakuheshimu, ila niseme ukweli. Nimeingia zamu jana usiku, tulikuwa wawili kwa wagonjwa 38. Wanne wa oksijeni, mmoja katoka upasuaji, wawili wamechanganyikiwa wanachomoa dripu. Wasioweza kujigeuza kitandani, ambao tunawageuza kila baada ya saa mbili wasipate vidonda, tuligeuza kila baada ya nne, na mmoja leo asubuhi kaanza kuwa mwekundu kwenye kiuno. Nimeliona mwenyewe wakati wa kukabidhi, nimebonyeza, wekundu haukupotea. Hicho ni kidonda kimeshaanza, na ni changu.

Sasa unaniambia pamoja na hayo nikaulize mtu anaingia kazini saa ngapi, niongeze na mabadiliko ya jamii? Falsafa ninayo. Najua kabisa huyo mgonjwa alistahili nini. Kinachoniumiza ni kwamba najua, na sikufanya. Kuna usiku natamani nisingejua.

---

ZamuYaUsiku

Mkuu, nimesoma nikaacha simu kidogo kabla ya kukujibu. Pole sana. Na sitakwambia ujitahidi zaidi.

Hali unayoisema ina jina. Mwanafalsafa wa Marekani, Andrew Jameton, aliieleza mwaka 1984: kujua lililo sahihi na kuzuiwa kulitenda na mfumo unaofanyia kazi. Dhiki ya dhamiri. Niliposoma kwa mara ya kwanza nililia, maana kwa miaka nilikuwa nadhani ni udhaifu wangu.

Na kidonda kile nakataa kuwa ni chako. Mwaka 2002 mtafiti Linda Aiken na wenzake walitoa utafiti wa hospitali za Pennsylvania, Marekani, wagonjwa wa upasuaji: kila mgonjwa mmoja anapoongezwa kwa muuguzi mmoja, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 unapanda kwa asilimia 7. Mgonjwa mmoja tu akiongezwa. Sasa piga hesabu ya wodi yako. Idadi ya wauguzi zamuni ni dawa kama dawa nyingine, na wewe jana ulipewa kipimo pungufu ukaambiwa utibu.

Kwa hiyo ninapoongelea kutetea mabadiliko, lako ndilo ninaloanza nalo. California walipitisha sheria ya idadi ya wagonjwa kwa muuguzi mwaka 1999, ikaanza kutumika 2004, na wodi za kawaida kufikia 2005 muuguzi mmoja hapewi zaidi ya wagonjwa watano. Sheria ile haikushuka kutoka juu kwa huruma. Wauguzi waliisukuma kwa miaka, wakiwa bado wanaingia zamu kama wewe. Duniani kwa jumla Shirika la Afya Duniani limekadiria upungufu wa wauguzi milioni 5.8 kwa mwaka 2023, kwa hiyo hauko peke yako, ingawa najua hilo halikusaidii leo usiku.

Nakuomba kitu kimoja tu, cha dakika mbili. Wekundu ule, andika kwenye ripoti pamoja na idadi: wagonjwa 38, wauguzi wawili, wa kugeuzwa wangapi, waliogeuzwa kwa muda wangapi. Usiandike "kutokana na uhaba wa watumishi", hiyo kila mtu ameshaizoea hasomi tena. Andika namba.

---

Kitanda_Dirishani

Habari zenu. Mimi si muuguzi, nililazwa wiki saba mwaka juzi kwa ajali. Nimesoma uzi wote na nina la kusema ambalo labda halitawapendeza.

Mnajiita watetezi wetu. Kuna aliyetuuliza kama tunataka kutetewa, na kuhusu nini? Mimi kwa wiki saba niliandikiwa mengi na kusemewa mengi mbele yangu, kana kwamba sipo. Muuguzi ambaye sitamsahau alifanya jambo dogo sana. Kila alipokuja kunisafisha alivuta pazia kwanza, hadi mwisho, akahakikisha pale kwenye ukingo halijaacha upenyo, ndipo anafunua shuka. Wengine walikuwa wanavuta nusu. Upenyo uliobaki tulikuwa tunauona mimi na wa kitanda cha pili tu, kwa hiyo kwao ilikuwa imetosha.

Mzee wako alipokwambia usiandike barua, alikuwa anavuta pazia lake. Nimefurahi ulimsikiliza.

---

ZamuYaUsiku

Limenipendeza na limenichoma, yote mawili. Ahsante.

Unachosema kuna muuguzi wa Kimaori, wenyeji asilia wa New Zealand, alikifanya kuwa somo zima. Irihapeti Ramsden, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Aliona watu wake wanakwepa hospitali, na kila mtu anasema tatizo ni utamaduni wa Wamaori. Yeye akageuza meza: muuguzi ajichunguze kwanza yeye, mamlaka yake, mazoea yake. Na akaweka kanuni ambayo naiona ni ngumu kuliko zote: anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni yule aliyehudumiwa. Siyo mimi niliyevuta pazia. Ni wewe uliyekuwa chini ya shuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaingizwa kwenye mafunzo ya wauguzi nchini kwao, na kelele zilikuwa nyingi, walimwita mchochezi.

Nimeiingiza kwenye falsafa yangu kwa sentensi ya kawaida tu: kabla sijamsemea mtu, namwuliza nini anataka kisemwe, kwa nani, na yeye atapoteza nini kikisemwa. Swali la tatu ndilo nilikuwa silijui. Mzee ndiye aliyenifundisha.

---

SistaMstaafu

Wanangu, nimewasoma tangu asubuhi. Nimefanya kazi hii miaka 36, tisa kati ya hiyo nikiwa inchaji, yaani msimamizi wa wodi. Nitawapa yangu, mchukue linalofaa.

Nikiwa kijana nilisimama kwenye mkutano wa watumishi wote nikasema kuhusu vifaa vilivyokuwa vinatumika mara mbili bila kutakaswa ipasavyo. Nilisema kweli tupu. Nilisema peke yangu, bila karatasi, bila kumwambia mtu kabla, na nikiwa na hasira. Mwezi haukuisha nikahamishwa kituo. Vifaa viliendelea kutumika. Kwa muda mrefu nilijivunia ujasiri ule, mpaka nilipojiuliza wagonjwa walipata nini. Hawakupata kitu. Na walimpoteza muuguzi aliyekuwa anaona.

Mara ya pili, kituo kingine, jambo lilelile karibu. Safari hii niliandika tarehe na idadi kwa wiki sita. Nikampelekea inchaji wangu kwanza, faragha, ili asishtukizwe mbele za watu. Nikatafuta wenzangu wawili, mmoja wa maabara. Nikaleta na pendekezo la nini kifanyike na kitagharimu nini. Majina ya wagonjwa hayakutoka hata moja. Na kwenye makundi ya simu sikuweka neno, siku hizi naona mnaweka hadi picha, acheni, siri ya mgonjwa ikitoka kwa nia njema imetoka vilevile. Ilichukua miezi minane. Ilifanyika.

Vijana mnapenda mabadiliko ya haraka. Cicely Saunders wa Uingereza alikuwa muuguzi, mgongo ukamsumbua akawa mtu wa ustawi wa jamii, baadaye akasomea udaktari akiwa mtu mzima kwa sababu aliona bila hivyo hawatamsikiliza kuhusu maumivu ya wanaokaribia kufa. Mwaka 1948 alikaa na mgonjwa mmoja aliyekuwa anakufa peke yake ugenini, mazungumzo yao ndiyo yaliyozaa wazo la nyumba ya kuwahudumia wanaokaribia kufa. Nyumba hiyo, St Christopher's, akaifungua London mwaka 1967. Hesabuni. Miaka kumi na tisa.

Na wewe wa wodi namba mbili, mwanangu: umelala? Kabla ya kuandika ripoti yoyote, lala.

---

Wodi_Namba_Mbili

Nimelala mama, kwa muda wa saa tano. Ahsante.

Bado nina ubishi kidogo na mleta mada. Haya ya kina Nightingale sawa, lakini yule alitoka familia ya watu wakubwa, alikuwa na mawaziri wa kuwaandikia barua. Sisi tunaandikia inchaji. Na inchaji naye yupo kama sisi.

---

ZamuYaUsiku

Hoja yako ni ya kweli, na siwezi kuipunguza. Wakati Nightingale anaondoka kwa baraka za serikali, Mary Seacole wa Jamaika, mwenye uzoefu wa kutibu kipindupindu, aliomba kwenda vitani akakataliwa kila ofisi. Mwaka 1855 akaenda kwa fedha yake na ya mbia wake, akafungua nyumba yake karibu na Balaclava, huko Krimea kwenye vita, akahudumia askari. Kazi alifanya. Lakini ni yupi alipata nafasi ya kubadilisha jeshi na hospitali? Nafasi, lile neno la nne, linatuhusu na sisi wauguzi. Wengine tunakosa choo getini kwa namna yetu.

Ndiyo maana mfano ninaoupenda zaidi ni wa muuguzi Lillian Wald. Mwaka 1893, New York, alikuwa anafundisha wanawake wahamiaji kuhudumia wagonjwa nyumbani. Akaja mtoto wa kike akilia, mama yake kajifungua na anatoka damu. Wald akamfuata hadi kwenye chumba cha familia ile, akamsafisha mama, akabadilisha kitanda. Hapo angeweza kurudi darasani. Yeye akahamia mtaa uleule. Yeye na mwenzake wakawa wanahudumia watu majumbani kwao, na kwa kuishi pale wakaanza kuona mambo: watoto wanarudishwa nyumbani kutoka shule kwa magonjwa ya macho na upele, hawatibiwi, hawarudi. Mwaka 1902 akaomba jiji limruhusu muuguzi mmoja, Lina Rogers, ajaribu mwezi mmoja kwenye shule nne. Mwezi mmoja! Utoro ukapungua kiasi kwamba jiji likaajiri wengine. Kutoka kwenye kitanda kimoja chenye damu hadi wauguzi wa shule, na katikati hapana mkutano mkubwa wala hotuba. Kuna jaribio dogo lenye hesabu.

Kwa hiyo na mimi, baada ya mzee kukataa barua, nilifanya dogo. Nilichukua daftari. Kila mgonjwa aliyerudi wodini ndani ya siku thelathini nilimwuliza maswali mawili: siku yako ya kawaida inaanza saa ngapi na inakuwaje, na kati ya tuliyokwambia ufanye, lipi halifanyiki na kwa nini. Sikuandika jina wala namba ya faili. Miezi mitatu nikapata watu 26. Kumi na mmoja sababu yao haikuwa kutojua wala kutotaka. Mmoja anasimama siku nzima na kidonda cha mguu ambacho tulimwambia akiinue. Mmoja anamlea mama yake aliyepooza, hana wa kumwachia siku ya kliniki. Mmoja anaona aibu kujichoma insulini kazini, anajificha, siku akikosa pa kujificha anaruka.

Nikafuata alichosema Sista hapo juu ingawa sikumjua bado: inchaji kwanza. Akaniruhusu niongee dakika kumi kwenye mkutano wa wodi. Daktari mmoja alisema hayo si ya hospitali. Nikamwonyesha siku za kitanda walizotumia hao kumi na mmoja. Akanyamaza, baadaye ndiye aliyesaidia kuandika pendekezo.

Leo fomu yetu ya kumruhusu mgonjwa ina mistari miwili zaidi, maswali yale mawili. Afisa ustawi wa jamii anapata nakala pale mgonjwa anapokubali kwa maandishi. Na neno "hafuati" tumekubaliana wodini kwamba halisimami peke yake, lazima lifuatwe na "kwa sababu". Ukiandika bila sababu, anayepokea zamu anakurudishia faili. Wiki iliyopita nimerudishiwa mimi.

Ndipo nilipofika. Choo getini bado hakipo.

---

Kitanda_Dirishani

Na mzee yukoje?

---

ZamuYaUsiku

Miezi saba hajalazwa. Anakuja kliniki tu. Uzito anaandika mwenyewe kwenye kijidaftari, kila siku, mwandiko mdogo umenyooka kuliko wangu. Mwezi uliopita aliniambia walinzi wenzake wawili wa mageti mengine wana shida kama hiyo, mmoja wao ni mama mjamzito. Akaniuliza, kama wakiandika wao wenyewe, watatu, mimi nitaweza kuwasomea kabla hawajapeleka, wasije wakakosea jambo la kiafya.

Wameniletea Jumapili. Nimesahihisha sehemu moja tu, waliandika kwamba kubana mkojo kunaua, nikawashauri waeleze kwamba kunaweza kuleta maambukizi ya njia ya mkojo, na kwa mjamzito yakipanda hadi kwenye figo ni hatari kwake na kwa mtoto. Lingine lote nimeliacha kama lilivyo. Majina yao wameweka wenyewe.

---

Mwaka_wa_Pili

Nimeandika upya mwanzo wa falsafa yangu. Naomba mnisahihishe kabla sijaendelea:

"Mgonjwa niliyemwogopa alikuwa mwanamume aliyekuwa anatutukana kila tukienda kumbadilishia bandeji. Nilikuwa nafanya haraka ili nitoke. Siku moja mkono wangu uligusa kidonda kabla dawa ya maumivu haijaingia vizuri, akapiga kelele, kisha akaniomba msamaha yeye. Nilitambua alikuwa anatukana kabla hatujamgusa kwa sababu alijua tutamgusa mapema mno. Naamini muuguzi anapaswa daima kumsikiliza mgonjwa."

---

SistaMstaafu

Mwanangu hapo umeandika. Hadi kwenye sentensi ya mwisho.

---

ZamuYaUsiku

Nakubaliana na Sista. Sentensi ya mwisho itoe, imerudi kitabuni. Badala yake tueleze kesho yake ulifanya nini: ulisubiri dakika ngapi baada ya dawa kabla ya kufungua bandeji ya zamani? Nani alikuwa anakuharakisha, na ulimwambia nini? Na kama wodi nzima inafungua bandeji mapema kwa sababu raundi ya madaktari inaanza saa tatu, andika na hilo, na nani anaweza kusogeza raundi.

Ukimaliza niwekee hapa. Kesho naingia asubuhi, nitasoma jioni nikitoka.